Samaki wa kupaka ukwaju na sukari guru: chakula cha usiku kwa dakika arobaini

Maswali huwa yale yale. Mbona samaki wangu kaungua nje na ndani bado mbichi? Mbona rojo halishiki, linatiririka lote kikaangoni? Mbona nimegeuza kipande, ngozi ikabaki chini? Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyehamia chumba cha kupanga mjini, au bwana aliyeachiwa jiko kwa sababu mkewe kaenda Pemba kumtazama mamake, au bibi harusi ambaye kwao dada zake ndio waliokuwa wakipika. Wote wamekwisha kumla samaki huyu na ladha yake wanaijua. Kinachowakwaza ni mpangilio: nini kitangulie, nini kifuate.

Kwa hiyo viungo vya hapa unaweza kupunguza au kuongeza upendavyo, lakini mpangilio usiuguse. Samaki anakaangwa kwanza mpaka akaribie kuiva, kisha ndipo anapopakwa kitamu. Ukimpaka mwanzo, sukari inaungua kabla nyama ya karibu na mfupa haijapata moto, na hapo hakuna tena la kuokoa.

Kununua samaki

Chukua nguru. Ana mnofu mwingi, miba michache, na hakatikikatiki kikaangoni. Mwambie muuza samaki akukatie vipande vya mviringo, unene wa sentimita 2 hadi 2 na nusu, na vyote vilingane. Wauzaji wengi wakiwa na haraka hukata kipande kimoja kinene na cha pili chembamba, na jikoni huwezi kuvipika pamoja. Simama hapo hapo umwoneshe kwa kidole unene unaoutaka. Hatachukia, kazoea.

Kolekole anafaa vile vile. Jodari anafaa kama unampenda, ila hukauka upesi kwa hiyo mpunguzie dakika. Chewa ni mtamu sana na bei yake ndivyo. Changu mdogo mzima ni mzuri kwa kuchoma, nitamgusia chini. Pono mwache kwa mchuzi au kukaanga peke yake, kwa sababu nyama yake laini mno na ukimgeuza mara mbili anakuwa makombo. Tasi ni samaki mzuri tu, lakini miba ya mapezi yake ina sumu inayouma vibaya hata akiwa amekufa, kwa hiyo kama hujawahi kumtengeneza mwombe muuzaji amkate mapezi.

Ukinunua dikoni hapa Zanzibar, kama Malindi, Mkokotoni au Tumbe, wakati wa mnada, utapata samaki mzima aliyetoka baharini na utamtazama mwenyewe. Macho yawe yamejaa na yang'ae, mashavu ukiyafunua ndani yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi. Ukinunua vipande vilivyokwisha kukatwa, macho huna, basi tazama nyama: iwe imeshikana, isiwe na mipasuko, na isiwe inaogelea kwenye maji yake. Kisha nusa. Samaki mpya ananukia bahari. Ile harufu kali ya vumba ni dalili kuwa kakaa.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu jambo hili watu hulipuuza. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani au kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kitu kinachoitwa histamini. Histamini haiondoki kwa kupika, hata umkaange mpaka awe mkavu kama kuni. Mtu aliyemla hupata mwasho, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, na mdomoni huhisi kama kala pilipili, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, kumbe samaki alikaa vibaya. Mtu akipatwa na hali hiyo, hasa akibanwa na pumzi, mpelekeni hospitali. Na ukienda sokoni mbali na nyumbani, nenda na barafu kwenye ndoo yenye mfuniko au kwenye kikapu kilichofunikwa vizuri. Usimwache samaki kwenye mfuko wa mbele wa vespa huku unapitia kununua mkate na kupiga soga barazani.

Wakati wa kusi bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na nguru hupanda bei. Siku hizo usijilazimishe. Nunua fungu la samaki wadogo walio wapya, rojo lile lile litawafaa.

Vipimo (watu wanne)

Samaki:
Vipande 4 vya nguru, kila kimoja kama gramu 200
Chumvi kijiko 1 cha chai
Manjano ya unga nusu kijiko cha chai
Ndimu 1 ya kuoshea na kupaka, na nyengine ya mezani
Uzile (bizari ya pilau) kijiko 1 cha chai, nzima
Gilgilani kijiko 1 cha chai, nzima
Pilipili manga nusu kijiko cha chai, nzima
Karafuu punje 2, zisizidi
Unga wa mchele vijiko 2 vya supu
Mafuta ya kupikia vijiko 4 vya supu

Rojo:
Ukwaju bonge la kiasi cha yai la kuku
Maji ya moto nusu kikombe
Sukari guru iliyokunwa vijiko 2 vya supu
Thomu (kitunguu saumu) punje 4
Tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba
Pilipili mbuzi 1
Mafuta kijiko 1 cha supu
Chumvi kiasi

Vyombo ni kikaango kizito chenye kitako kipana, sufuria ndogo ya rojo, chujio, kinu na mchi, mwiko mpana wa kugeuzia na kitambaa safi au karatasi za jikoni za kukaushia. Sufuria ya rojo isiwe ya aluminiamu tupu kama unayo nyengine, kwa sababu ukwaju ni mkali, unakula aluminiamu na rojo linatoka na ladha ya bati. Ya stili inafaa.

Kuhusu karafuu. Sisi wa visiwa hivi, na Pemba hasa ambako ndiko zinakotoka nyingi, tunaziona zimeanikwa majamvini mpaka tunazidharau, na mtu huzitia kama pilipili manga. Punje mbili zinatosha samaki wote hawa. Ya tatu itameza uzile na gilgilani, na kinywa kitakufa ganzi kidogo kama kwa daktari wa meno.

Kama huna sukari guru, tia asali ya nyuki kiasi hicho hicho, lakini ujue asali huungua mapema kuliko sukari guru, basi moto wa mwisho uwe mdogo zaidi. Sukari nyeupe inafanya kazi ila inatoa utamu mtupu. Kama huna ukwaju, maji ya birimbi zilizopondwa yanaweza, au embe mbichi iliyochemshwa na kupondwa. Ndimu peke yake haitoshi, kwa sababu haina unene na rojo halitashika.

Namna ya kutayarisha

1. Anza na wali kama utakula kwa wali. Wali wa nazi unataka kama nusu saa na samaki hangoji mtu, kwa hiyo uteleke kabla hujagusa kitu chengine. Kama utakula kwa boflo, mkate wa ufuta au muhogo wa kuchemsha, ruka hatua hii. (Mimi kwa usiku napendelea mkate wa ufuta, kwa sababu rojo lililobaki sahanini linapata wa kulifuta.)

2. Roweka ukwaju. Umimine maji ya moto nusu kikombe, uache dakika 10. Ukishalainika, ufikiche kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, kisha pitisha kwenye chujio ukikandamiza kwa kijiko. Kwangua na upande wa chini wa chujio, hapo ndipo unaponata ukwaju mzito. Unatakiwa upate kitu kizito kama uji mwepesi. Uonje. Ukwaju mwengine wa sokoni umetiwa chumvi ili usiharibike, na usipojua hilo utaja kutia chumvi mara mbili.

Kosa la kawaida hapa ni kutia maji mengi ili ukwaju "uwe mwingi". Maji yote unayozidisha utakaa kuyakausha jikoni baadaye.

3. Osha samaki upesi. Mpitishe kwenye maji baridi, msugue kwa nusu ya ndimu na chumvi kidogo, mwoshe tena mara moja. Toa damu nyeusi iliyoganda kando ya uti wa mgongo kwa ncha ya kisu, kwa sababu hapo ndipo vumba lilipo. Usimwache analowa kwenye bakuli la maji, anafyonza maji na ladha inamtoka.

4. Mkaushe. Mkaushe kweli. Weka vipande juu ya kitambaa, funika kwa kitambaa, bonyeza pande zote mbili mpaka kitambaa kisitoke na maji. Nusu ya malalamiko ya samaki kunata yanatokana na hatua hii kurukwa. Samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta hapati kukaangika, anachemka kwanza, ngozi inalainika na kushika chuma. Zaidi ya hayo mafuta yanaruka na kukuchoma mikono.

5. Mpake chumvi, manjano na maji ya nusu ya ndimu iliyobaki, pande zote. Mwache dakika 10, zikizidi sana 15. Watu wanaambiwa viungo vikae muda mrefu ndio vikolee. Kwa nyama ya ng'ombe sawa. Kwa samaki aliyetiwa ndimu, saa moja ni nyingi: ukali wa ndimu unaanza kumpika akiwa mbichi, nyama inageuka nyeupe kama chokaa, na akifika motoni anameguka. Manjano yanashika nguo na kucha, vaa kanga ya zamani.

6. Huku samaki anangoja, kaanga viungo vikavu. Kikaango kikavu, moto mdogo, tia uzile, gilgilani, pilipili manga na karafuu. Tikisa tikisa. Uzile utaanza kubadilika rangi na jiko zima litanukia, hiyo ni kama dakika moja na nusu. Epua na umimine kwenye kinu hapo hapo, usiviache kikaangoni, kwa sababu chuma bado kina moto na vitaendelea kuungua. Twanga viwe chenga chenga. Si lazima viwe vumbi, zile chenga ndizo zinazopasuka mdomoni.

Viungo vya pakiti vilivyokwisha kusagwa vinafaa pia, tia kiasi hicho hicho bila kuvikaanga. Tofauti utaisikia puani kabla ya kuisikia ulimini.

7. Paka viungo hivyo kwenye samaki. Angalia kuwa thomu na tangawizi hazimo humu. Wengi huzipondaponda na kumpaka samaki zote, kisha wanashangaa mafuta yamejaa vipande vyeusi vichungu. Thomu mbichi ikikutana na mafuta ya moto huungua kabla samaki hajageuzwa. Hapa inaingia kwenye rojo tu.

8. Pika rojo kabla ya kukaanga samaki. Sufuria ndogo, moto wa wastani, mafuta kijiko kimoja. Tia thomu na tangawizi zilizopondwa, koroga kwa nusu dakika, thomu isipate rangi ya kahawia. Mimina ukwaju, tia sukari guru, koroga mpaka iyayuke. Pilipili mbuzi itie nzima na kikonyo chake, usiitoboe. Itaelea humo na kutoa harufu bila kuwasha, na watoto watakula. Wanaotaka ukali waipasue. Acha rojo litokote taratibu dakika 5 au 6, ukilikoroga.

Utajuaje limeiva? Chovya mwiko, uinue, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia uliyoipitisha ikibaki wazi bila rojo kurudi kuiziba, liepue. Likiwa la moto litaonekana jepesi kidogo kuliko unavyotaka. Usidanganyike ukaendelea kulipika, likipoa litakuwa zito zaidi. Onja sasa: lianze na uchachu, lifuatie utamu, chumvi uisikie kwa mbali. Toa pilipili, weka pembeni.

9. Kaanga samaki. Injika kikaango moto wa wastani, kipate moto vizuri, ndipo utie mafuta vijiko 4. Samaki mnyunyizie unga wa mchele pande zote, umpukute unga uliozidi. Unga huu unakausha maji yaliyobaki na baadaye rojo linapata pa kushika. Chovya ncha ya samaki kwenye mafuta. Yakilia mara moja, mlaze. Yakinyamaza, ngoja.

Laza vipande ukivielekeza mbali nawe. Viache nafasi baina yao, na kama kikaango ni kidogo kaanga viwili viwili. Kisha usivishike. Dakika 3 mpaka 4 usivisukume, usivichungulie. Samaki akishakaangika upande wa chini hujibandua mwenyewe. Ukimsukuma akakataa, bado. Jiko la gesi la mtungi mdogo moto wake umejikusanya katikati, basi zungusha kikaango robo duara kila dakika ili kipande cha pembeni kisiachwe nyuma.

Geuza mara moja. Upande wa pili dakika 2 mpaka 3. Akitolewa hapa awe amekaribia kuiva, ukimtazama ubavuni uone katikati bado kuna mstari mwembamba wa nyama inayong'aa.

10. Mwaga mafuta, punguza moto, paka rojo. Toa vipande kwenye sahani, mimina mafuta yaliyobaki kwenye bakuli, futa vumbi jeusi la viungo kwa karatasi. Rudisha kikaango kwenye moto mdogo, rudisha samaki, na umwagie rojo kijiko kijiko juu ya kila kipande. Dakika moja, geuza, pakaza upande wa pili, dakika moja tena. Liteke rojo lililotiririka chini, ulirudishe juu. Utaliona linaacha kuwa mchuzi na kuwa ngozi inayong'aa rangi ya kahawia nyekundu, mapovu yake yakiwa makubwa na mazito. Likifika hapo epua. Nusu dakika zaidi na utasikia harufu ya kuungua.

11. Hakikisha ameiva. Ingiza uma karibu na mfupa wa katikati, uzungushe kidogo. Nyama itoke kwa majani majani, iwe nyeupe isiyopenyeza mwanga, na iachie mfupa. Mwenye kipimajoto cha jikoni, nyuzi 63 za selsiasi katikati ya kipande zinatosha.

12. Mpakue, mngoje dakika 2, mkamulie ndimu. Kachumbari ya kitunguu maji na tungule pembeni, bila sukari wala siki nyingi kwa sababu rojo limeshachukua nafasi hiyo.

Kama unatumia seredani

Makaa yawake mpaka yavae jivu jeupe, yasiwe na ndimi za moto. Samaki mzuri hapa ni changu mzima mdogo. Mpare magamba, mtoe matumbo na mashavu, kisha mchanje mara tatu kila ubavu mpaka karibu na mfupa ili moto na viungo viingie. Unga wa mchele huuhitaji. Paka wavu mafuta na samaki naye mpake mafuta. Mbanike mpaka akaribie kuiva, kama dakika 6 au 7 kila upande kwa samaki wa nusu kilo, kisha dakika 3 za mwisho ndipo upake rojo, ukimgeuza mara kwa mara. Rojo likidondoka kwenye makaa linawaka na kumfukiza samaki moshi mchungu, basi paka kidogo kidogo. Kama huna brashi, ponda ncha ya bua la mchaichai mpaka itoe nyuzi, upakie kwa hilo. Linaacha harufu yake pia, na samaki anaishukuru.

Usimchanganye huyu na samaki wa kupaka wa tui la nazi. Yule anataka tui zito, pilipili na ndimu, na mkono wa polepole, ni pishi jengine. Ukitaka kutia tui kwenye rojo hili la ukwaju, tia vijiko viwili tu, mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, maana tui likichemka pamoja na ukwaju linakatika.

Kwa oveni: nyuzi 220, trei iliyopakwa mafuta, vipande bila unga wa mchele vilivyopakwa mafuta. Dakika 8, paka rojo, dakika 3 au 4 nyengine. Haumpi ule ukavu wa kikaango, lakini siku una wageni kumi unakubali.

Yakikuharibikia

Samaki kanata. Usimkwangue. Punguza moto, funika kikaango dakika moja, mvuke utamlegeza. Asipoachia, pitisha mwiko mwembamba chini yake kutoka upande wa ngozi. Akimeguka, mpange sahanini na rojo umwagie juu, watu watakula na hawatauliza.

Nje keshakuwa na rangi, mfupani bado mbichi. Kipande kilikuwa kinene au moto mkali. Kama hujapaka rojo, tia maji vijiko viwili kandokando ya kikaango, funika, moto mdogo dakika 2 mpaka 3. Kama umeshapaka, mtoe, mkwangue rojo, mmalizie vivyo hivyo, kisha umpake jipya. Ndiyo maana nusu ya rojo uiache kwenye sufuria, usimwage lote mara moja.

Rojo jepesi, halishiki. Mtoe samaki kwanza, kisha uliache rojo peke yake litokote mpaka lipite mtihani wa mwiko. Usimwache samaki humo akingoja rojo likauke, atakauka yeye kwanza. Na usitie unga wa ngano wala wa mahindi, linakuwa uji.

Rojo limekuwa zito kama gundi. Maji ya moto kijiko kimoja kimoja, koroga. Linarudi.

Rojo chungu. Nusa: kama ni thomu au sukari iliyoungua, limwage upike jengine, ni dakika 8 tu. Uchungu wa kuungua haufunikwi na sukari, unaongezeka.

Chachu mno. Ongeza sukari guru nusu kijiko, chumvi punje chache, onja. Mara nyingi kilichokosekana ni chumvi. Tamu mno, kamulia ndimu ukiwa umeshaepua.

Viungo vimebaki vyote kikaangoni, samaki mweupe. Samaki alikuwa na maji ulipompaka. Rudi hatua ya 4.

Samaki mkavu, anakwama kooni. Dakika zilizidi, hasa kama ni jodari. Huyo mchambue, mchanganye na rojo lililobaki na kitunguu maji kilichokatwa vyembamba, umtie ndani ya boflo kesho asubuhi.

Bado ananukia vumba. Ama damu ya uti wa mgongo haikutolewa, ama samaki hakuwa mpya. La kwanza utalirekebisha siku nyengine. La pili, kama vumba ni kali na nyama inateleza, usile wala usimpe paka wa jirani.

Akibaki, asikae mezani usiku kucha chini ya kawa. Kwa joto letu saa moja, mbili kwa wingi, aingie kwenye friji, aliwe kesho yake. Ukimpasha moto, tia maji kijiko kimoja kikaangoni na umfunike, moto mdogo, kwa sababu lile rojo bado lina sukari na litaungua mara ya pili kwa urahisi ule ule wa mara ya kwanza.